Mzee Tazama-Tena na Kipapasi cha Kulia

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuchungulia hadubini katika Idara ya Wadudu ya makumbusho yetu, mwenzetu tunayemwita Mzee Tazama-Tena anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Yeye angependa isomwe Idara ya Wadudu na Buibui, kwa sababu buibui si mdudu. Karatasi inayosema hivyo aliibandika mlangoni wiki yake ya kwanza kazini. Ipo mpaka leo, ingawa gundi yake imebadilishwa mara nyingi kuliko wakurugenzi.

Kazi yake ilikuwa kutenganisha spishi za buibui wa kahawia, wadogo kama punje ya mtama, waliofanana mpaka wanakera. Rangi haisaidii, miguu haisaidii. Siri iko kwenye vipapasi, yaani vile vijikono viwili vya dume vilivyo karibu na mdomo, ambavyo ncha zake zimevimba kama glavu za bondia. Kwenye ncha kuna mwiba. Ukiwa umenyooka ni spishi hii, ukiwa umepinda kushoto ni spishi ile, na ukisema wewe huoni mwiba wowote, mzee anakwambia utazame tena. Jina lake la utani lilitoka hapo.

Kwa njia hiyo ametambua spishi mpya kadhaa na kuzipa majina ya watu anaowapenda. Mkewe alifurahi sana kupata buibui wake, mpaka alipoonyeshwa picha iliyokuzwa. Mama mkwe aliuliza kwa upole kwa nini yeye ndiye apewe mwenye manyoya mengi. Mzee alimjibu kwamba huyo ndiye aliyependeza kuliko wote, na tunavyomfahamu, hakuwa anatania.

Yeye mwenyewe hana buibui. Ustaarabu wa fani hii hauruhusu mtu ajipe jina. Lazima apewe na wenzake. Hakuwahi kulalamika, ila siku moja tukinywa chai alikiri kwamba angependa kupata mmoja kabla hajaondoka. Neno hilo tulilishika.

Basi mwezi uliopita tukampata. Alikuwa dume ndani ya kichupa cha zamani, na mwiba wake ulipinda kulia, jambo ambalo halimo katika mchoro wowote wa vitabu vyetu. Tuliagiza keki. Mkurugenzi alijifunza kutamka jina la Kilatini tulilolitunga, akajing'ata ulimi mara mbili. Tatizo lilikuwa moja tu: mwenye uwezo wa kuthibitisha ni mzee mwenyewe. Tukampelekea kichupa bila kumwambia kitu, tumebana vicheko.

Alitazama kidogo tu. Akatueleza kwa huruma kwamba kipapasi cha kushoto kimekatika, na tulichokuwa tunakishangilia ni cha kulia. Michoro ya vitabuni huwa ni ya kipapasi cha kushoto, kwa hiyo cha kulia lazima kionekane kimegeuka. Kwa maneno mengine, tulikuwa tumeokota kiatu cha kulia tukatangaza binadamu mpya. Buibui huyu ni wa kawaida kabisa, alisema, hata chooni kwetu yupo.

Ikabidi tumwambie ni jina la nani lililokuwa likimsubiri. Alivua miwani, akaifuta. Ilituuma, maana tulijua anavyolitaka. Ndipo mama anayetupikia chai akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulithubutu: alimwambia mzee atazame tena.

Akatii. Alitazama mpaka chai yake ikapoa, akisogeza taa huku na huko, nasi tukaanza kupata matumaini. Alipoinua kichwa macho yake yalikuwa mekundu. Ni yule yule wa chooni, alisema, akatuomba radhi.

Keki tutaila hata hivyo, imeshalipiwa.

Mzee wetu, asante kwa subira yako na kwa macho uliyotuazima miaka yote hii. Tunakutakia maisha mema, afya njema, na nyumba yenye pembe nyingi zisizofagiliwa. Buibui wako bado tunamtafuta. Tukimpata, tutakuletea nyumbani akiwa na vipapasi vyote viwili, kwa sababu hatumjui mtu mwingine tunayemwamini kwamba anaweza kumkataa.