Kofi Lililochekwa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwigizaji mmoja, Mama Sinia. Amefariki Jumanne, kitandani kwake, akiwa na miaka sitini na minane. Narudia: Mama Sinia ametutoka Jumanne.

Jina hilo alilipata jukwaani. Kwa miaka kumi na mmoja aliigiza mtumishi mbeba sinia katika komedia moja ya zamani, yenye mapenzi ya kila namna. Kijana anapenda kwa kutupa jicho mara moja. Mzee mwenye kibiongo anajipenda mwenyewe, haachi kioo. Na mtumishi anampenda bibi anayemtumikia hadi anakubali kupigwa kofi kwa niaba yake.

Mpigaji ni mchumba wa bibi huyo, mwenye wivu. Na aliyemwigiza mchumba huyo, wasikilizaji, alikuwa mume wake wa ndoa.

Nyumbani yule bwana hakuigiza. Alimvunja mbavu mbili. Alimchoma mkono kwa pasi. Mama mkwe akamwambia, "Vumilia mwanangu, mvumilivu hula mbivu." Alikula makonde tu, mbivu hakuziona. Mshona mavazi wa kikundi alimpaka poda shingoni kila onyesho, wala hakuuliza kitu.

Sasa sikilizeni kofi la jukwaani linavyopigwa. Mkono unapita hewani, haugusi uso. Mlio unatoka kwa mtu mwingine. Kwa kuwa Mama Sinia alishika sinia kwa mikono miwili, aliyegonganisha viganja alikuwa mwenzake aliyesimama nyuma, yule mwigizaji wa mzee, ambaye wote tulimwita Kibiongo.

Alasiri moja, kabla ya onyesho, Mama Sinia alimwambia mumewe: "Mtoto nimeshampeleka kwa dada. Tukimaliza hapa, mimi sirudi kwako." Mume akavaa koti lake la mchumba.

Jukwaani kofi likalia. Kibiongo alinisimulia: "Viganja vyangu vilikuwa bado havijakutana. Nikajua."

Ukumbi ukacheka. Likaja la pili. Watu wakacheka zaidi. La tatu lilimwangusha, damu ikamtoka sikioni, na bwana akaanza kumkanyaga tumboni. Watu hoi kwa kicheko. Kibiongo akavunja mkongojo wake kichwani mwa yule bwana, akamkaba koo mpaka macho yakamtoka. Watu wakasimama kushangilia. Mshona mavazi ndiye aliyeteremsha pazia, kisha akampitisha Mama Sinia mlango wa nyuma, aproni imelowa damu.

Hakurudi kwa mume. Sikio la kushoto halikusikia tena. Bintiye anasema: "Mzee Kibiongo alimposa mara tatu. Mama akamwambia, 'Njoo Jumapili tule, lakini nyumbani nimezoea kukaa peke yangu.' Basi akaja kila Jumapili, miaka thelathini."

Kwa binti, kwa dada wa marehemu na kwa Mzee Kibiongo: poleni sana, Mwenyezi Mungu awape subira.

Nina neno moja la kuwatafakarisha. Siku ile nilikuwa safu ya tatu. Nilicheka hadi nikafuta machozi. Mwaka jana nikaenda kumwungamia Mama Sinia. Alinigeuzia sikio zima, akasikiliza hadi mwisho, akasema: "Hukujua. Sasa unajua."

Nanyi sasa mnajua, wasikilizaji wapendwa. Mkisikia kofi ng'ambo ya ukuta, gongeni mlango.