Sikio la Mpiga Mbizi

Kijiwe chetu ni ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe, nje ya banda la kahawa la Leonida, hapa Muhuru Bay. Ukikaa hapo unaona ufuo wote: mashua, nyavu, omena iliyoanikwa. Asubuhi hiyo tuliona pia watu wamekaa kimya karibu na maji, wamejifunika leso. Jana yake jioni mashua ilikuwa imepinduka. Wawili waliokolewa. Elijah, mtoto wa mwisho wa Mama Helen, alikuwa bado ziwani. Kwetu familia haiondoki ufuoni bila mtu wao, na anayeshuka kumtafuta ni Gordon, mpiga mbizi. Ndiye aliyenitolea mwanangu majini mwaka uliopita, nikapata wa kuzika, na kila Sabato ninamtaja mbele za Mungu. Lakini Gordon alikuwa ameketi nasi, kichwa kimelala upande, pamba yenye damu sikioni. Siku chache kabla, alipokuwa akinasua wavu kwenye miamba, alisikia kitu kikipasuka ndani ya sikio.

Wengine walikuwa watatu. Jeff, fundi wa mashua, tunamwita Ziba. Kerosi, anayetengeneza redio, tunamwita Spika. Na Willis, mjenzi, ni Pimamaji.

Ziba: Omera Gordon, watu wanakungoja. Pamba ya nini?

Gordon: Damu kidogo tu. Nikimaliza kahawa nashuka.

Leonida: Unashuka wapi, na kikombe unakishika kwa mikono miwili?

Spika: Mama, usimtishe. Sikio ni spika tu. Ndani kuna ngozi imevutwa, kama ile karatasi ya spika. Nyuma yake kuna vifupa vitatu vidogo, vinapokezana sauti. Ngozi ikipasuka, sauti inakwaruza, lakini redio haizimi. Pale dukani niko na spika imetobolewa na panya, na bado inahubiri.

Leonida: Umewahi kuitumbukiza ziwani?

Spika alimgeukia Gordon.

Spika: Hebu bana pua, funga mdomo, sukuma hewa. Tujue kama imepasuka kweli.

Nilimwambia Gordon asifanye. Alifanya. Sikio lilitoa mluzi mwembamba, na pamba ikamwangukia begani. Ziba alianza kucheka.

Ziba: Yawa! Mtu anapiga mluzi kwa sikio!

Spika: Si nilisema? Kuna kabomba kanatoka huku nyuma ya pua mpaka nyuma ya ile ngozi. Hewa imepita yote.

Ziba: Basi hii ni kuvuja tu, na kuvuja ndiyo kazi yangu. Mashua ikivuja, unaitupa? Unashindilia pamba kwenye upenyo, unapaka mafuta mazito, inarudi majini. Nimeziba mashua zikaenda Tanzania na kurudi. Nitashindwa na katundu ka sikio?

Akatoa mfukoni pamba na kopo la yale mafuta.

Nikamwambia: Jeff, hayo ni ya mbao.

Ziba: Baba Lynnet, wewe ulitolewa mtoto wako. Mama Helen asitolewe wake?

Niliangalia ufuoni. Hakuna aliyekuwa amesogea.

Pimamaji: Mimi naogopa kitu kingine. Mama yangu alikuwa anaanguka kila akiamka. Daktari akamwambia, ugonjwa uko kwa sikio, si kwa miguu. Ndani kabisa, kwenye mfupa, kuna vibomba vimepinda, vina maji. Ni kama pimamaji yangu. Hayo maji ndiyo yanakwambia umesimama ama umelala.

Spika: Wacha! Sikio lisikie, halafu tena limsimamishe mtu? Hiyo ni kazi ya magoti.

Pimamaji: Magoti ya nini ndani ya ziwa? Sikiliza. Maji baridi yakiingia kwa hilo tundu, yale ya ndani yanavurugika. Ukuta umesimama, pimamaji inasema umelala.

Ziba: Ndiyo nasema tuzibe! Maji baridi yatapitia wapi? Na mafuta tuyapashe moto, yashindane na baridi. Halafu tuzibe na lile sikio zima, uzito ulingane, asiegemee upande mmoja kama mashua imepakiwa vibaya.

Spika: Na pua, hewa isitoroke.

Leonida: Na midomo yenu, nani ataiziba?

Gordon: Imetosha. Jeff, weka.

Aliinamisha kichwa. Ziba alichovya pamba katika mafuta, akaishindilia kwa kidole gumba kama anavyofanya penye mbao. Gordon aliuma meno. Machozi yalimtoka jicho la upande ule, naye hakuyafuta. Moyoni nilimwomba Mungu, nisijue ninaomba nini: amshushe salama, au amzuie.

Nilipoinua macho, Mama Helen alikuwa amesimama nyuma ya Pimamaji, miguu mitupu, leso mabegani. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Tulisimama sote.

Gordon: Mama, niko tayari.

Akapiga hatua, akaenda upande kama mtu aliyesukumwa. Nilimdaka mkono.

Mama Helen: Hapo walipopindukia, chini kuna mwanga?

Gordon: Hakuna, mama. Ni tope na miamba. Natafuta kwa mikono.

Mama Helen: Hata mkono wako huuoni?

Gordon: Siuoni.

Mama Helen: Hapa kuna jua, umekanyaga ardhi, na bado unadakwa. Kule chini utajuaje juu ni wapi?

Ziba: Tutamfunga kamba, mama.

Mama Helen: Kamba itanasa kwenye miamba, kama ule wavu. Namuuliza yeye.

Gordon alimtazama Ziba, Ziba akamtazama Spika, na Spika akakitazama kikombe chake. Pimamaji alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilitaka kusema kwamba Mungu atamwonyesha. Lakini mama hakuuliza habari za Mungu.

Mama Helen akaushika uso wa Gordon kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaivuta ile pamba, taratibu, mpaka ikatoka yote.

Mama Helen: Kaa chini, nyathina, mwanangu. Wakupeleke hospitali. Ziwa litamrudisha Elijah likitaka, nami nipo, namngoja.

Akageuka kurudi. Pimamaji alikwenda barabarani kuita boda. Mimi nilimfuata Mama Helen mpaka kwenye maji. Alikaa, akasogeza leso yake kunipa nafasi, nikakaa kando yake.