Muzee Zacharie Anatuachia Tanki ya Mawese

Kisha miaka makumi tatu na moja ya kulala chini ya magari, Muzee Zacharie anaaga garaji yetu ya Mudzipela tarehe makumi tatu ya mwezi wa sita. Ni siku ya uhuru wa inchi. Ye pia apate uhuru wake, na masikio yetu vilevile. Wenzangu wa garaji walinichagua mimi, Moïse, niandike kwaheri hii, juu mukono wangu ni muzuri. Mikono ya wengine ni grisi tu.

Alianza kwa kuosha vyuma, akapanda mpaka fundi mukubwa wa moteri za mazuti, ni kusema dizeli. Kelele yake ilipanda naye.

Lakini sifa aliipata kwa Mama Musoki, mwenye kukaanga mikate mbele ya geti. Siku moja pickup yetu ilimutemea moshi mweusi mu sahani. Mama akalalamika mpaka soko ikasikia: kama moshi yenu ni sukari, mulete na chai! Muzee akaingia garaji. Akarudi na bidoni tupu, akamuomba mafuta ya mawese yenye alikwisha kukaangia. Akayachuja, akafunga tanki ya pili kwa pickup: gari inawaka na mazuti, ikipata joto inakunywa mawese, na mbele ya kuizima unarudisha mazuti ili mirija isizibe. Moshi mweusi ukapunguka, harufu ya mikate ikabakia. Imbwa za Mudzipela zilitufuata mwezi muzima.

Akaiendesha kwa kujisifu mpaka Kpandroma, kule milimani, bila kubeba mazuti ya kutosha. Baridi ya kule ikagandisha mawese kama sabuni. Watu wakamuuliza kama ataendesha ao atakata na kisu. Alirudi juu ya lori ya viazi. Ndipo akapitisha murija wa maji ya moto ya radiateri ndani ya tanki, na baridi ikashindwa.

Sasa Shefu Sébastien, mukubwa wa garaji, akasema: Zacharie akienda, tanki inatoka, juu hakuna mwengine mwenye kuiweza. Muzee hakukula vizuri juma lote. Akanipa ufunguo wa pickup: nilale Kpandroma kwenye baridi, nirudi gari ikikunywa mawese, Shefu aone kama mwengine anaiweza.

Nilirudi! Moshi mwembamba, mimi naimba. Kwa geti nilitaka kuzima moteri mbio, watu wanione nikishuka. Muzee akaruka mu barabara, mikono kichwani: mazuti kwanza, weye mutoto! Nikarudisha. Shefu akacheka mpaka akakaa chini. Akasema: gari imerudi, tanki inabaki.

Aksanti, Muzee. Tunakutakia mapumuziko marefu, miguu nje ya magari. Harufu ya mikate ikipita kwako, usimutafute Mama Musoki. Ni siye. Na mazuti, nitarudisha kwanza.