Mama Tazama Juu na Ngazi za Mahakama ya Zamani

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa nane mchana, mwongozaji wetu mkuu wa matembezi ya majengo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, bila kuchelewa hata siku moja. Mjini anajulikana kama Mama Tazama Juu, na hapa nitamwita hivyo hivyo, maana jina lake la kwenye mafaili analijua karani tu.

Karani ndiye aliyepangiwa kuuandika wasifu huu. Nimemkatalia. Mimi ni fundi mwashi na mshika funguo wa kampuni, niliishia darasa la tatu, lakini hakuna mtu hapa aliyetembea naye kunizidi. Kila jengo analolieleza, mlango nafungua mimi, na nusu ya majengo hayo yamesimama kwa mkono wangu. Anayebisha alete pimamaji.

Alianza akiwa binti mwembamba mwenye viatu vya kuazima kwa dada yake, vikubwa kwa kidole kizima. Alifundishwa na mwongozaji aliyemtangulia, ambaye sasa ni marehemu, na haukupita mwaka akampita mwalimu wake. Watu hutembea mjini wakitazama madirisha ya maduka. Yeye aliwashika mabega akawainua nyuso juu ya vibao vya matangazo, wakaona nakshi za saruji na miaka iliyochongwa ukutani, vitu ambavyo wenyeji wenyewe hawakuwahi kuviona tangu wazaliwe. Bwana mmoja alitazama juu kwa bidii mpaka akakaa ndani ya toroli la matikiti. Mama alimaliza kwanza maelezo ya roshani, ndipo akamnyanyua.

Hakuongoza zaidi ya watu wanane. Alisema wa tisa hasikii, na asiyesikia huanza kupiga soga. Meneja alitaka awachukue ishirini na watano kwa kipaza sauti. Mama hakubishana naye. Alimwalika meneja mwenyewe awe wa tisa, akamweka nyuma kabisa. Nusu saa haijaisha, meneja anamvuta mtu shati kumuuliza kimesemwa nini. Kipaza sauti kiko stoo mpaka leo, hakijatolewa kwenye boksi.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika.

Mahakama ya zamani ina ngazi za vidato thelathini na tano. Kidato cha kumi na nane kimevizidi vingine kwa vidole viwili. Kwa miaka kumi na tisa Mama aliwaeleza wageni kama alivyofundishwa na marehemu, kwamba mchoraji wa ramani ya jengo alikusudia, ili mshtakiwa ajikwae kidogo na kukumbuka kuinamisha kichwa mbele ya hakimu. Wageni walikipenda kidato kile, wakakipiga picha. Mimi nilisimama mlangoni na funguo zangu, kifua mbele, maana ngazi zile zilijengwa upya kwa mikono yetu, mimi na kaka yangu, tulipokuwa vijana. Mchoraji alikuwa hana habari na kidato hicho. Sikumwambia mtu.

Siku moja mgeni mmoja, mama mtu mzima, alijikwaa pale akateguka mkono. Mama Tazama Juu alimpeleka hospitali, akakaa naye mpaka akafungwa bandeji, kisha akarudi peke yake na futi. Nikamkuta amepiga magoti kwenye kidato cha kwanza. Aliniambia haingii akilini kwamba hakimu atake watu waumizwe kabla hawajahukumiwa. Akapima kimoja kimoja akipanda, namba anazisoma kwa sauti, mpaka juu. Fundi yeyote angeelewa. Vidato kumi na saba vya juu vilikuwa sawasawa. Kumi na saba vya chini, kila kimoja kilipungua unene wa sarafu. Sarafu kumi na saba ukizipanga zinafika vidole viwili, na upungufu wote ule umebebeshwa kile cha katikati.

"Fundi," akaniuliza, "ngazi hizi mlizijenga ndugu wawili. Nani alikosea?"

Tulikuwa na haraka siku zile, jengo linakaribia kufunguliwa, kwa hiyo mmoja alianzia juu na mwingine chini. Nikamjibu kwamba alikosea kaka. Kaka alikuwa na miaka sita kaburini, hana mdomo wa kunikanusha.

Akanitazama, akakunja futi. "Haya, fundi. Nimesikia."

Kesho yake aliiacha hadithi ya hakimu. Meneja alimsihi, maana ilikuwa imechapwa kwenye vipeperushi. Mama akasema vichapwe vingine, la sivyo atafutwe mwongozaji mwingine. Vikachapwa. Tangu hapo, miaka kumi na miwili, anawaeleza wageni kwamba ndugu wawili walianza ncha mbili wakakutana hapa, na mmoja wao kipimo chake kilikuwa kifupi. Wageni huuliza ni yupi. Hujibu kwamba hilo ni la ndugu wenyewe. Namba anazo, alizisoma mbele yangu, lakini katika miaka yote hiyo hajanitupia jicho hata mara moja anapolisema.

Ndiyo maana nimeupigania wasifu huu. Aliyeanzia chini ni mimi. Kijiti changu cha kupimia nilikikata mwenyewe. Kaka aliniomba tulinganishe vijiti, nikamwambia jicho langu linakishinda kijiti chake. Msimamizi alipokiona kidato, nilinyamaza, na kaka akaibeba lawama kwa kuwa ndiye mkubwa. Hakupewa ngazi tena maishani. Alipiga lipu kuta za uzio mpaka alipokufa, naye alikuwa fundi kunizidi. Karani asilifute neno hilo.

Shemeji, mjane wa kaka, nilikwenda kumweleza juzi, asije akayasoma hapa kwanza. Aliweka mikono mapajani, nikadhani atanifukuza. Kisha akasema, "Basi nipeleke nikaione kazi ya mume wangu."

Atakuwemo kwenye kundi la mwisho Ijumaa. Nimemwomba Mama Tazama Juu aniachie mimi tutakapofika katikati ya ngazi, niseme mwenyewe mbele ya shemeji. Amekubali, na hakuuliza nitasema nini.

Mama, sisi sote tuliofanya kazi nawe tunakushukuru. Mimi nakushukuru zaidi ya wenzangu, na safari hii sijisifu. Nenda ukapumzike. Miguu isikuume, wajukuu wakusikilize, na siku zote zilizo mbele yako ziwe njema.