Mama Kuvu Akabidhi Ufunguo

Ifikapo tarehe 30 Juni, Mama Kuvu atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili katika kituo chetu cha utafiti wa mazao ya mizizi, na siku hiyo hiyo atastaafu. Jina hilo tulimpa sisi. Wengi wetu hatulijui lingine.

Kazi yake ilikuwa kukuza kuvu nyeupe juu ya wali, kisha kuipeleka shambani ikawamalize fukusi wanaotoboa viazi vitamu. Alitueleza mpaka koo likamkauka kwamba kuvu hiyo haimdhuru mtu. Hata hivyo, kantini watu waliendelea kusogeza sahani zao, naye akazoea kula peke yake. Sisi wa bohari, tuliopakana naye ukuta, tulimsikia akiwajulia hali fukusi wake kila asubuhi kabla ya kuwaua. Ilibidi awafuge ili ailishe kuvu, kwa sababu ikilishwa wali mtupu hubweteka na kusahau kuua.

Kuna mwaka tulitarajia wageni wazito, na mkuu wa kituo akaamuru kila chumba king'ae. Wasafishaji wakakiosha chumba chake kwa dawa ya kuua ukungu, hawakuacha hata chupa moja. Kazi yote ikateketea. Mama Kuvu hakugombana na mtu. Alikwenda shambani, akatambaa matutani siku nenda rudi, mpaka akampata fukusi mmoja aliyekufa akiwa amefunikwa na utando mweupe. Kuvu yote tuliyowagawia wakulima tangu hapo ilitoka kwa fukusi yule.

Nafasi yake imetangazwa mara mbili na hakuna aliyeomba. Bila mtu wa kuilea, kuvu itakufa, hivyo uongozi umeamua chumba kifungwe. Alipoambiwa, aliomba apewe tu wali wenye kuvu uliobaki. Atautawanya mwenyewe kwenye mashamba ya wakulima, asubuhi ya kwanza ya kustaafu kwake. Nilipoomba kumsindikiza alicheka, akaniuliza kama siogopi kuota ukungu. Kisha akaniambia nivae viatu vya matope.

Mama, asante kwa yote. Tunajua mzee, mumeo, alishatangulia na binti yako anaishi mbali, na inatuuma kukuaga ukielekea nyumba tupu. Nenda salama. Tunakuombea uzee wenye afya, na mlango unaopigwa hodi mara kwa mara.