Ubeti wa Pili wa Rozalia

Kijiwe chetu kipo Kasingirima, hapa Ujiji, ubavuni mwa kibanda cha kuchaji simu, na mimi ndiye ninayekipikia kahawa tangu mume wangu alipofariki. Wanaume wa pale wanadhani kijiwe ni chao. Haya. Mkaa ni wangu, birika ni langu, vikombe nimenunua mimi, hata benchi wanalokalia limetoka uani kwangu. Lakini mwenye neno kubwa siku zote ni yule ambaye hajanunua hata kashata. Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza kwa nini Alhamisi ile niliishiwa uvumilivu.

Walikuwepo wanne. Wa kwanza Samson, tunayemwita Wakili. Sheria hajaisomea hata siku moja, ila aliitwa mahakamani kutoa ushahidi wa kesi ya mbuzi, akaongea mpaka hakimu akamwomba akae, jina likabaki. Wa pili Eliakimu, fundi redio, anaitwa Saundi kwa sababu mwaka mmoja alibeba spika za bendi. Wa tatu mzee Jumanne, huyo ni Alhaji Bado. Kila mwaka anakwenda Makka mwakani.

Wa nne alikuwa Kasuku, na habari yenyewe ni ya kwake. Jina lake Elikana. Miaka ishirini na sita amekuwa mwimbaji wa mbele wa bendi ya Nyota ya Luiche, na hakuna harusi ya maana Ujiji ambayo hakuiimbia. Koo likamletea matatizo, akapasuliwa. Daktari akamwambia akae siku thelathini bila kutoa sauti, hata kunong'ona asinong'one, na akikaidi sauti haitarudi tena. Siku hiyo alikuwa amemaliza kumi na tisa. Kuandika hajui zaidi ya jina lake, kwa hiyo alikuwa anatumia kichwa na mikono, na kahawa nilimnyima, nikawa nampa maji ya moto na asali.

Asubuhi ile Nikodemu, mpiga gitaa na kiongozi wa bendi, alipita na pikipiki yake. Akamweleza Kasuku kwamba Jumamosi kuna harusi Kalinzi, mwaliko walishaupokea, na amempata kijana wa kuimba. Kijana ni Martini, mtoto wa Honorata fundi cherehani wa Katubuka, karudi juzi kutoka Nairobi ambako alikuwa anaimba roki.

— Bila baraka yako simpandishi jukwaani, Nikodemu akasema. Nitapita tena baada ya alasiri. Ukikataa, utapanda mwenyewe au nitawaambia watu wa Kalinzi watafute bendi nyingine.

Akawasha pikipiki akaondoka, akamwacha mtu asiyeweza kusema katikati ya watu wasioweza kunyamaza.

Wakili ndiye aliyefungua kikao. Alisema roki anaijua, kaiona kwenye simu ya mpwa wake. Watu wamevaa nyeusi tupu kama wako msibani, wanapiga kelele kama nyumba inaungua, na hakuna anayeleta maji. Sasa nguo nyeusi na jua hili la Kigoma, kijana atazimia kabla ya wimbo wa tatu, na kisheria itakayoshtakiwa ni bendi. Nikamkumbusha kwamba Kalinzi ni mlimani, watu wanavaa makoti. Akajibu kwamba hilo ni suala la rufaa.

— Halafu wanainama, akaendelea. Wanainama, wanatikisa nywele. Wahenga hawakukosea, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hapo mvungu uko wapi? nikamuuliza.

— Mama Ikram, wewe pika kahawa.

Nikapika. Saundi akaingia na upande wa ufundi. Kwa maelezo yake, sauti ya roki ina umeme ndani yake, ndiyo maana waimbaji wake wanatetemeka. Ikiingia kwenye spika za Nyota ya Luiche, ambazo yeye mwenyewe amezibeba na anaujua uzito wake, zitapasuka kwanza zile ndogo, kisha jenereta. Na si hivyo tu. Kalinzi iko juu, sauti ikipigwa kule inateremka na mabonde mpaka ziwani.

— Mnakumbuka serikali ilipofunga uvuvi ile miezi mitatu? akasema. Dagaa walizaana kwa nini? Kwa sababu palikuwa kimya. Huyu akipiga ukelele mmoja, migebuka yote inahamia Kongo. Na hairudi, kwa sababu kule itakuta rumba.

— Mwenda pole hajikwai, Alhaji Bado akaitikia, na mpaka leo sijui alikuwa anamsema samaki gani.

Ikaja zamu yake. Alhaji alikuwa na habari za uhakika kutoka kwa mjukuu wake kwamba mwimbaji wa roki akimaliza kuimba lazima avunje gitaa, ndiyo desturi yao, kama sisi tunavyopeana ubani. Gitaa la Nikodemu lilivuka ziwa kutoka Kalemie, na lina umri mkubwa kuliko huyo Martini. Akishalivunja atahamia kwenye ngoma. Ngoma zikiisha atageukia keki. Keki ya harusi ikivunjwa na mtu ambaye si bwana harusi, ndoa imeingiliwa, na watoto wa ndoa hiyo watazaliwa wakipiga kelele.

— Watoto wote huzaliwa wakipiga kelele, nikamwambia.

— Hao hawatanyamaza. Na yeye mwenyewe mwisho lazima aruke kutoka jukwaani. Asiyesikia la mkuu, Mama Ikram, huvunjika guu.

Nilicheka, sitakataa. Hata Kasuku alikuwa anatabasamu na kikombe chake cha asali, maana hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyewahi kumsikia Martini akiimba, si roki wala wimbo wa taifa. Nikajua wakichoka watahamia kwenye siasa kama kawaida, na Kasuku atatoa jibu lake kwa utulivu.

Hawakuhamia. Alhaji akautaja wimbo wa "Rozalia", hapo mambo yakaharibika.

Kwa asiyeujua, "Rozalia" ndio wimbo wa Nyota ya Luiche. Bendi ikiupiga, hata mpishi anaacha sufuria. Wakili akaapa kwamba mke wake alimpata kwa "Rozalia". Saundi akasema siku akifa apigiwe "Rozalia" kabla ya kushushwa kaburini. Alhaji akasema ule si wimbo tena, ni mali ya Ujiji, na mtu huwezi kumpa mgeni mali ya ukoo eti kwa sababu mwenyewe anaumwa mafua.

— Si mafua, nikasema.

Hakuna aliyenisikia. Walikuwa wamemgeukia Kasuku wote watatu, na sauti zao zimekuwa laini. Wakamwambia hakuna mwingine kama yeye, tangu dunia iumbwe. Wakamwambia watu wa Kalinzi watalia wakimwona mtoto wa cherehani amesimama mahali pake.

— Panda mwenyewe Jumamosi, Wakili akasema. "Rozalia" peke yake. Wimbo mmoja, unashuka.

— Mimi nitakaa kwenye mitambo, Saundi akadakia. Wewe utaimba kidogo tu, mashine itakuza.

— Na daktari? nikauliza.

— Daktari ni binadamu, Alhaji akasema. Kumi na tisa na thelathini si mbali hivyo.

Kasuku akainua mkono kuwatuliza. Wakili akauhesabu kama kura. Nikamtazama Kasuku usoni na sikupenda nilichokiona. Lile tabasamu halikuwepo. Alikuwa amekaa wima, kidevu juu, anameza mate taratibu kama mtu anayepima koo lake. Mwanamume akisifiwa mbele ya wenzake hata kisimani atajitupa, na hawa watatu walikuwa wanamsukuma huku wanapiga makofi. Niliogopa, nasema wazi. Sauti ile iliimba kwenye harusi yangu. Sikutaka ikazimwe na watu watatu wanaokunywa kahawa yangu.

Nikawaambia wanyamaze. Wakaniambia niongeze sukari kwenye kashata.

Ndipo akatokea kijana mmoja kutoka upande wa barabara ya Ujiji, nywele fupi, shati la kitenge limeshonwa vizuri, simu mkononi.

— Shikamooni wazee. Shikamoo mama.

Tukaitikia marahaba. Akajitambulisha kuwa ni Martini wa mama Honorata. Wale watatu walimkagua kuanzia viatuni, na naona walivunjika moyo. Wakili akamuuliza nguo nyeusi ziko wapi. Martini akasema zimefuliwa, ziko kambani. Kisha akachuchumaa mbele ya Kasuku, kwa adabu, simu ameishika kwa mikono miwili.

— Samahani Mzee Kasuku. Nyimbo zote za Jumamosi nimeshazishika, imebaki "Rozalia". Ubeti wa kwanza ninao, kiitikio ninacho. Nimetumiwa video kumi na mbili, lakini kila mtu anaanza kurekodi gitaa linapokolea, na Nikodemu anasema yeye anajua gitaa lake tu. Ubeti wa pili unasemaje?

Kasuku akagusa koo lake.

— Najua, baba. Hupaswi kusema. Nilifikiri wazee hawa wangenisaidia.

Akawageukia. Na mimi nikawageukia, nimeshika kiuno.

Saundi alisema anaujua, tena vizuri, akafumba macho, akaanza "Rozaliaaa". Martini akamwambia kwa upole kwamba hicho ni kiitikio. Alhaji akaimba kwa pua, sauti ya gitaa, mpaka pumzi ikamwisha. Wakili akakohoa akasema kwa ujumla wake ubeti unahusu mapenzi.

— Maneno yake, mzee.

— Maneno yake ni ya mapenzi.

Mwishowe Saundi akasema kweli. Ubeti wa pili, akasema, ndio wakati watu wanatafuta pa kuweka soda, wanajipanga, wanasubiri sebene.

Ningewacheka, ila na mimi niliona aibu. Wimbo ule nimeucheza tangu msichana, na ubeti wa pili ndio wakati ninapokaza khanga kiunoni. Sikuwa najua neno hata moja.

— Nairobi huwezi kuimba usichokijua, Martini akasema. Watu wenyewe wanaimba na wewe neno kwa neno. Ukikosea wanakurekebisha.

Hakumsema mtu. Alikuwa anaeleza tu. Lakini Kasuku alitutazama mmoja mmoja, taratibu, na macho yake yalipofika kwangu nikainamia birika.

Akasimama. Akafungua mdomo.

Nilimrukia. Mimi mjane, mtu mzima, mchana kweupe, nikamziba mdomo kwa kiganja mbele ya watu. Kasuku hakukasirika. Akauondoa mkono wangu polepole, akatikisa kichwa kunionyesha kwamba hasemi. Akamvuta Martini karibu na kuanza kuchezesha midomo bila sauti, bila hata pumzi, neno moja moja, na mikono yake ikisaidia.

Akatuonyesha sisi kwa kidole, akapiga hatua mbili za dansi.

— Harusi, Saundi akasema.

— Mguu unamuuma, Alhaji akasema.

— Anadai haki yake, akasema Wakili.

Martini hakuwasikiliza. Alikuwa anamtazama Kasuku midomoni.

— Wanacheza?

Kasuku akaitikia kwa kichwa. Baada ya hapo maneno yakaja, mengine kwa kubahatisha, mengine yakirudiwa mara tano, mpaka Kasuku akatulia na kukunja mikono kifuani. Martini akasimama akaimba. Hakupiga ukelele. Aliimba chini, kama mtu anayemwambia mwenzake jambo:

Wanacheza, Rozalia, wanacheza mpaka kunakucha,
hakuna hata mmoja aliyeniuliza ulikwenda wapi.

Basi. Ndio ubeti wenyewe, mistari miwili. Miaka ishirini na sita alikuwa anatuambia usoni, kwenye harusi zetu, na sisi tunamtunza kwa vigelegele. Wakili alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaufunga. Saundi alikuwa anatafuta kitu chini ya benchi ambacho hakikuwepo.

— Kumbe Rozalia ni mtu, Alhaji akasema, polepole.

Pikipiki ya Nikodemu ikasimama. Hakuzima injini.

— Mmeamuaje?

Nilingoja wale watatu wajibu, maana siku nzima walikuwa na majibu. Kasuku akaweka mkono begani kwa Martini, akamsogeza mbele kidogo, akainamisha kichwa kukubali. Nikodemu naye akainamisha chake, akamwambia kijana apande, mazoezi yanaanza sasa hivi. Wakaondoka kuelekea Katubuka.

Nikamimina maji ya moto, nikaweka asali, nikampelekea Kasuku kikombe. Bado nilikuwa na aibu, lakini niliona nikinyamaza leo sitauliza tena maisha yangu yote.

— Elikana, nikamwambia. Rozalia alikwenda wapi?

Wote wakainua vichwa. Midomo yake ilifunguka, na nikaona jinsi alivyotaka kusema. Akaibana. Macho yalikuwa yamejaa maji, na hakuyafuta. Kisha akaninyooshea kiganja kunionyesha: ngoja.

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye. Nikamwambia nitangoja.