Pikapu ya Ng'ombe wa Baba

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Thomasi, shamba la juu mgawane na dada yako Antonia. Mipaka mnaijua, msinichoshe na hiyo. Ninalotaka kusema ni la pikapu, na naona aibu kulisema mkinitazama, kwa hiyo tazameni pembeni.

Mwaka sabini na nne babu yenu Qamara aliuza ng'ombe wake wote mnadani hapa Karatu ili tununue pikapu mpya, akaniambia, wewe umesoma, kaseme nao. Nilijiona bingwa. Arusha walitaja bei, nikacheka nikatoka. Nairobi walikuwa rahisi, lakini ushuru wa Namanga ungekula nafuu yote. Basi nikaenda Moshi na bei ya Nairobi mdomoni, nikajifanya mfanyabiashara mkubwa atakayerudi kununua nyingine, na babu yenu yuko nyuma yangu na blanketi lake, miguu mitupu.

Muuzaji akauliza, "Na huyu mzee?" Nikatazama kalenda ukutani. Wanangu, nilishindwa kusema ni baba yangu. Yeye akaniona uso, akajibu mwenyewe kwa Kiswahili chake cha shida, "Mimi nachunga ng'ombe yake." Akatoka, akasimama juani. Nikaletewa chai, nikainywa, bei ikashuka, nikafurahi. Fedheha gani hii, nilifurahi! Tulipoondoka nikamfungulia mlango wa mbele, akakataa, akapanda nyuma hadi Karatu, akafika mweupe kwa vumbi, na vigelegele nikapigiwa mimi. Alikufa hajalitaja, nami sikumwomba radhi.

Baba yenu mdogo Josephati hanisalimii, nanyi mmezoea kumwita mkorofi. Komeni. Mahari yake ilikuwa humo humo katika ng'ombe wale, na mimi nikamwambia gari ni jasho langu. Mpelekeeni funguo kesho, nyote wawili, mkabidhi kwa heshima, wala msijifanye mnamsaidia. Ni haki yake.

Nipeni maji... basi, inatosha. Pale mlangoni pa gari pameandikwa jina langu, Sylvesta, na sanduku langu la posta. Likwangueni kabla sijazikwa... rangi ipo stoo. Andikeni Qamara. Herufi kubwa. Mtu akiuliza ni nani huyo, mseme... mseme ni baba yake Sylvesta. Semeni kwa sauti, mimi sikuweza.

Mungu awabariki, wanangu... awape watoto watakaowataja mbele za watu... Nimechoka. Fungeni mlango, baridi inaingia.